Programu ya molekuli imegeuza kaboni kuwa kalisi kimyakimya, na wauzaji wanatulaumu sisi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Siku 11 za hesabu za kompyuta zimepotea katika maabara yetu hapa Arusha, si kwa sababu ya umeme, ingawa nao ulikatika mara tatu tukachanga fedha zetu wenyewe za mafuta ya jenereta, bali kwa sababu programu tunayoilipia leseni kila mwaka ilisoma faili vibaya na ikanyamaza.

Kazi yangu inahusu kimeng'enya cha kimelea cha malaria ambacho hushambuliwa na pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito kliniki. Nilianza na muundo namba 1J3K wa Benki ya Data ya Protini (PDB), hifadhi ya miundo ya protini, wenye mabadiliko manne yanayokiwezesha kimeng'enya kuistahimili dawa, likiwemo lile la nafasi ya 108 ambapo serini imekuwa asparajini. Kama ilivyo kwa miundo mingi inayopatikana kwa eksirei, kuna vipande vya mnyororo ambavyo havikuonekana, hivyo mwenzangu aliyeko Moshi alikijenga kimoja kati ya vipande hivyo, kitanzi cha asidi amino 10, na kunirudishia faili.

Wanaoyafahamu mafaili ya PDB, yaani ya umbizo la zamani la benki hiyo, wanajua kwamba kila kitu humo kina safuwima yake, na nafasi moja tupu ina maana. Jina la atomu hukaa safuwima ya 13 hadi ya 16. Herufi CA zikianzia safuwima ya 14 ni kaboni alfa, ambayo kila asidi amino inayo. Zikianzia ya 13 ni kalisi. Programu aliyoitumia mwenzangu ilisogeza majina ya kitanzi kile hatua moja kushoto. Kosa hilo nalikubali. Lakini safuwima ya 77 na ya 78, ambazo kazi yake ni kutaja elementi, ziliandika C katika kila mstari, tena mistari yenyewe ilianza na neno ATOM na kutaja asidi amino za kawaida kabisa. Programu yetu haikuangalia huko. Iliweka kalisi 10 katikati ya protini, ikazipa chaji ya 2 kila moja, ikaanza kuhesabu bila kutoa onyo hata moja.

Kwenye skrini utepe wa protini ulikatika mahali hapo, nami nikadhani ni lile pengo la asili. Niligundua siku ya 11, nilipojumlisha chaji kwa mkono na kukuta ile ya programu imezidi kwa 20 kamili.

Nimewaandikia wauzaji mara tatu. Jibu ni lile lile: faili lenu ni bovu, tumieni faili safi. Hilo silikubali hata kidogo. Programu iliyoona jina likisema kalisi na safuwima ya elementi ikisema kaboni ilikuwa na wajibu wa kusimama na kuuliza, kwa maana mtumiaji hawezi kupitia maelfu ya mistari kwa macho.

Waliposhauri tuhamie umbizo la mmCIF, ambalo ndilo umbizo kuu la benki hiyo tangu 2014, tulikuta kwamba programu yao hulipokea kwa jina tu, kisha ndani kwa ndani hulibadilisha kuwa PDB. Umbizo hilo la zamani lina nafasi tano tu za namba ya atomu na herufi moja tu ya jina la mnyororo. Mwanafunzi mwenzetu aliyeingiza ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, yenye atomu zaidi ya 99,999, alipata nusu ya ribosomu, naye pia hakuambiwa kitu.

Ninachodai ni marekebisho ya usomaji wa elementi, orodha ya kila mstari uliorukwa au kukisiwa, na leseni yetu iongezewe muda kufidia siku zilizopotea. Kwa wenzangu mnaotumia programu za aina hii, kabla ya kuanza hesabu yoyote usiku wa leo, tafuteni kalisi katika mafaili yenu na mzihesabu.