Mtoto anatoka mabaka: ubuyu wa rangi au dagaa?

Mtoa dawa, Ujiji:
Habari za jioni wakuu. Analetwa mtoto wa miaka 7, kilo 22. Akila ule ubuyu mwekundu wa vifuko, ndani ya saa moja anatoka mabaka ya kuwasha mgongoni na tumboni. Juzi ikawa baada ya dagaa: uso mwekundu, kichwa kinauma. Mama anataka kumkataza rangi zote, dagaa na soda. Kipimo cha damu kitasaidia? Setirizini, dawa ya aleji, nimpe kila siku?

Tabibu wa Mwanga:
Ndugu, hayo ni mambo mawili, usiyafunge mzigo mmoja.

Dagaa kwanza. Waliokula naye chungu kimoja walipata nini? Kama na wenzake waliwashwa mdomo, hapo fikiria sumu ya histamini, kemikali inayoleta wekundu na kuwasha, si aleji. Dagaa wakichelewa kukauka, hasa masika jua likikosekana, bakteria hugeuza histidini, kiini cha protini kilichomo kwenye nyama yao, kuwa histamini. Ukiwakaanga haitoki, na harufu inaweza isikuonyeshe chochote. Kwa kawaida dalili huisha ndani ya siku moja.

Ubuyu ndio wenye kazi. Mle hamna rangi peke yake, kuna pilipili, vanila, iliki. Ulizia kama amewahi kula ubuyu mweupe akawa salama. Kisha mwombe muuzaji akuonyeshe kopo la rangi yenyewe, usome namba za rangi za viwandani, za njano na nyekundu: E102, E110, E124, E129. Angalia na E211, kihifadhi kisichoharibu, kwenye juisi na soda.

Damu haitakusaidia sana. Rangi nyingi za viwandani hazipiti njia ya IgE, kingamwili ya aleji inayopimwa kwenye damu, kwa hiyo majibu huja safi na mtoto anaendelea kuwashwa. E120, inayotokana na wadudu, ni tofauti. Hiyo inaweza kuonekana. Mwache ubuyu huo wiki 3, mama aandike kila alichokula, saa aliyokula na saa mabaka yalipotoka. Kumrudishia kwa kipimo kidogo kidogo kufanyike hospitali, Maweni kwa mfano, si nyumbani.

Setirizini ya kila siku itakuficha jibu. Mpe mg 5 asubuhi na jioni siku ya mabaka tu, na iwe imeachwa siku 7 kabla ya jaribio. Soma pia lebo ya sirapu: nyingi nazo zina rangi.

Muuguzi wa dharura:
Naongeza hili, tafadhali mama alishike. Ulimi ukivimba, akikoroma, akitapika mfululizo au akilegea, asihangaike na Piriton, awahi kituo. Pale ni adrenalini ya 1:1000, ml 0.3 kwenye msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Alazwe miguu juu. Akishindwa kupumua aketi. Asisimamishwe ghafla. Na asiruhusiwe mapema, maana dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Akiwa na pumu, E220 hadi E228, vihifadhi vya salfaiti, kwenye matunda makavu nazo ziepukwe.

Mtoa dawa, Ujiji:
Asanteni sana. Nimeuliza: dada yake naye aliwashwa mdomo, na dagaa hao walianikwa siku ya mvua. Dagaa wakavu vizuri anaendelea nao, daftari linaanza kesho kwa ubuyu peke yake.