Kokteli ya likeri ya maua ya elda (elderflower) inakuwa tamu kupita kiasi, nakosea wapi?

Mshumaa: Wakuu, naomba msaada. Nachanganya jini (pombe kali ya gin) ml 50, likeri ya elda ml 30, shira ya sukari ml 15 na maji ya limau ml 15, natikisa na barafu, nachuja. Inatoka tamu kama dawa ya kikohozi na harufu ya ua haisikiki. Nibadilishe chapa?

Kipimo: Chapa haina kosa, shira ndiyo inayokuharibia. Likeri yenyewe tayari ni tamu: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ukiacha aina chache, kitu hakiitwi likeri kama hakina walau gramu 100 za sukari kwa lita, na hizi za maua kwa kawaida huzidi hapo. Toa shira yote, limau lifike ml 20, kisha onja. Ikikukereketa kwa uchachu, ongeza ml 5 za shira, basi. Tikisa sekunde 10 hadi 12 kwa barafu ngumu iliyojaa chombo. Barafu iliyoanza kuloa inazimua kinywaji kabla hakijapoa.

Ndimu_Kavu: Naongezea kuhusu harufu. Jini yenye mreteni mkali (kitunda kinachoipa jini harufu yake) inalifunika ua; jaribu vodka au jini laini. Kamulia ganda la limau juu ya glasi ili mafuta yake yatue usoni mwa kinywaji. Mrija uache, maana pua inakuwa mbali na glasi.

Mshumaa: Nimeelewa. Je, sharubati ya elda isiyo na kilevi inaweza kukaa badala ya likeri?

Kipimo: Inaweza, ila si kipimo kwa kipimo. Ni nzito kwa sukari na nyingi zina asidi ya sitriki, ile ya uchachu wa limau. Anza na nusu ya kipimo cha likeri.

Kijiko: Ndiyo maana Hugo, kinywaji cha Tyrol Kusini nchini Italia, hutengenezwa kwa sharubati kidogo tu. Ukitumia likeri: ml 40, divai kavu yenye mapovu ml 60, maji ya soda ml 60, kwenye glasi ya divai iliyojaa barafu. Divai hiyo ikiwa Prosecco ya Italia, iwe *brut*, yaani kavu. Ile ya *extra dry*, licha ya jina, ina sukari zaidi. Tia na majani ya mnanaa: yapige kofi mara moja viganjani, usiyatwange, yatatoa uchungu. Koroga mara moja kutoka chini. Na divai au soda isiingie kabisa kwenye chombo cha kutikisia: gesi itafumua kifuniko.

Ndimu_Kavu: Chupa ya likeri ikishafunguliwa iweke kwenye friji. Ikikaa nje rangi inageuka kahawia na harufu ya ua inafifia. Bado inanyweka, lakini kwa kokteli haina faida tena, utabaki na sukari tu.