Tupeane uzoefu: kifaa cha ramani cha gari kikigoma baada ya kusasishwa

Mwanzisha uzi, Nakuru

Habari zenu wote. Wengi wetu humu tunaendesha magari kutafuta riziki, na najua si mimi peke yangu niliyewahi kuona kifaa cha ramani kikiganda kwenye nembo na kukataa kuendelea. Kila mtu akiuliza huambiwa "nunua kingine", na maneno yanaishia hapo. Inaniuma, kwa sababu vingi vinavyotupwa ni vizima. Leteni visa vyenu tuvikusanye mahali pamoja.

Nianze na changu. Napeleka pembejeo kutoka mjini Nakuru hadi maduka ya Molo, Kuresoi, Londiani mpaka Kericho. Barabara za ndani kule Kuresoi hazina vibao na mtandao wa simu hukatika, ndiyo sababu nikabandika GPS kwenye kioo cha mbele. Nilikuwa nakisasisha kwa kompyuta ya mezani stima ikapotea katikati. Iliporudi, kifaa kikawa kinaonyesha nembo, kinazima, kinaonyesha nembo tena, na kompyuta haikioni kabisa.

Kilichokuwa kinazuia ni waya. Ule unaokuja na chaja ya gari mara nyingi ni wa kupeleka umeme tu. Ukiuchomeka kwenye kompyuta, kifaa hudhani kiko ndani ya gari na kujaribu kuwaka kama kawaida, wala hakijitambulishi. Nilipata waya wa kamera ya zamani, wenye kichwa kile kile kidogo, lakini unaobeba data. Kabla ya kuuchomeka nilitoa kadi ya ramani (ramani iliyoharibika kwenye kadi inatosha kugandisha kifaa kizima), nikakiacha kwenye chaja ya ukutani hadi betri ikajaa, kisha nikashikilia kitufe cha kuwasha mpaka kikazima kabisa. Nilipokichomeka tena, nyuma ya kompyuta na si kupitia kigawanyishi cha USB, programu ya mtengenezaji ikakitambua na kuanza sasisho upya.

Siku hizi natumia laptopu yenye chaji ya kutosha. Stima ikienda, kazi inaendelea.

Dada wa teksi, Kisumu

Asante kaka kwa kufungua uzi huu. Changu ni tofauti kidogo, maana mimi natumia redio iliyokuja na gari kutoka Japani, ile yenye skrini na ramani ndani yake.

Betri ya gari ilikufa, fundi pale Kondele akanibadilishia, na gari lilipowaka skrini ikaandika Kijapani mstari mmoja na picha ya kadi. Hakuna redio, hakuna kamera ya nyuma, hakuna chochote. Nilipiga picha ya maandishi nikayapitisha kwenye programu ya tafsiri ya simu: inataka kadi ya ramani. Kadi yenyewe ilishatolewa zamani kabla gari halijafika kwangu. Watu huitoa kwa kudhani ni ramani ya Japani tu, haina kazi Kenya, wanaifuta waweke nyimbo. Wasichojua ni kwamba kwenye redio nyingi za aina hiyo kadi imebeba pia programu inayoiwasha redio. Mradi betri haijakatwa, redio inaendelea kukumbuka. Siku umeme ukikatika, inaidai.

Nikaambiwa ninakili mafaili kutoka kadi ya jirani mwenye gari kama langu. Haikukubali. Redio haiangalii mafaili peke yake, inaitambua kadi yenyewe. Kilichosaidia ni kutoa fremu, kusoma herufi na tarakimu kwenye lebo ya redio, na kuagiza kadi ya modeli hiyo hiyo. Ilipoingia, kila kitu kikarudi, ramani ya Tokyo ikiwemo.

Ushauri wangu kwa mnaonunua magari ya kutoka nje: kabla hujalipa, fungua kile kifuniko cha kadi uangalie kama imo. Na fundi akibadilisha betri, mwombe aunganishe betri ya pili pembeni kwanza ili umeme usikatike. Wanaojua kazi hawakatai.

Kuna anayejua dawa ya stesheni? Yangu inaishia kwenye tisini.

Fundi wa redio za magari, Kisumu

Dada, hiyo si hitilafu. FM ya Japani ilijengwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kuna kisanduku kidogo cha kuongeza masafa, kinaingia kati ya waya wa antena na redio, hakigusi programu yoyote. Usikubali mtu akwambie lazima "aflashi" redio, yaani aiwekee programu upya, ili upate stesheni.

Sasa niongee kuhusu zile redio kubwa za Android, maana hizo ndizo zinaletwa kwangu kila mara zikiwa zimezimika baada ya sasisho, na hapa nataka watu wanisikilize vizuri.

Ndani ya redio hizo kuna programu mbili, si moja. Ya kwanza ni Android yenyewe, ile unayoiona: ramani, video, vitufe vya skrini. Ya pili inakaa kwenye chipu ndogo inayoitwa MCU, na ndiyo inayoongea na gari: inawasha amplifaya, inasikiliza vitufe vya usukani, inajua umeweka gia ya kurudi nyuma ili iwashe kamera. Mtu akipakua faili la MCU la redio nyingine inayofanana kwa sura tu, skrini inaweza kuwaka vizuri kabisa lakini sauti hakuna, au kugusa hakufanyi kazi. Mwenye gari anasema kioo kimekufa. Kioo ni kizima.

Kwa hiyo kabla ya kusasisha chochote, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu, upige picha toleo la Android na toleo la MCU. Picha hiyo ndiyo inayoniokolea kazi, kwa sababu najua faili gani la kurudisha. Bila picha inabidi niitoe redio na kusoma maandishi ya bodi.

Flashi ya USB unayoweka faili la sasisho iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Ukiweka ya exFAT au NTFS redio nyingi haziioni, na watu hufikiri faili ni bovu. Redio ikiganda, tafuta tundu dogo lililoandikwa RST, ibonyeze kwa kile kipini cha kutolea laini ya simu. Kwenye modeli nyingi ukishikilia hapo huku flashi imechomekwa, inaingia kwenye hali ya kujirekebisha na kusoma faili upya.

Na jambo la mwisho, la umeme. Betri nzima ya gari iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ukipiga stata, volti zinashuka ghafla, redio inajizima na kuwaka. Kama ilikuwa inaandika programu wakati huo, inabaki na nusu. Ama uwashe injini kabla ya kuanza na uiache inanguruma mpaka mwisho, au uiache imezimwa na betri iwe imejaa. Usiguse ufunguo katikati.

Dereva wa lori, Bungoma

Fundi amesema kweli tupu. Mimi nitaongeza kinachofuata baada ya kifaa kupona, maana hapo ndipo wengi tunakata tamaa mara ya pili.

GPS yangu ilifutwa yote ikawekwa programu upya. Ikawaka vizuri, lakini ikabaki inatafuta setilaiti. Nilikuwa kwenye foleni ya Malaba, katikati ya makontena. Wenzangu wakasema antena imeungua. Kumbe kifaa kilichofutwa huwa kimepoteza ile orodha ya setilaiti zilipo, na orodha nzima hutumwa polepole kutoka angani, inachukua dakika 12 na nusu kuipokea bila kukatizwa. Ukikiwasha huku unaendesha chini ya miti au kati ya malori, inakatizwa. Nilipovuka foleni nikaegesha mahali peupe, nikakiacha tuli, kikashika.

La pili ni hili la ikweta, na linatuhusu sana sisi wa upande huu. Maeneo niliyohifadhi yalifutika, nikaanza kuyaingiza tena kwa viwianishi, zile digrii za kaskazini au kusini na za mashariki. Ghala letu la Nakuru liko digrii 0.3 kusini. Kifaa kikiwa kimerudi kwenye mipangilio ya kiwandani kilikuwa kimejiwekea herufi ya kaskazini. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kosa la herufi moja lilihamisha ghala zaidi ya kilomita 60, likawa Baringo upande wa Marigat. Kakamega iko kaskazini, Kisumu kusini, na ukipita Maseno unavuka mstari wenyewe. Angalieni hiyo N na S kila mara.

Mwalimu, Busia

Changu hakikupona. Ni cha zamani, na tangu Aprili 2019 kilikuwa kinaonyesha tarehe ya 1999. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri baada ya wiki 1,024, na ilirudi tarehe 6 Aprili mwaka huo. Mtengenezaji alikuwa ameshaacha kukitolea masasisho, na faili nililolipata kwingine lilikizima moja kwa moja. Sasa natumia simu, nimepakua ramani ya Kenya nzima kwenye Organic Maps, inafanya kazi bila bando.

Dada wa teksi, Kisumu

Mwalimu, pole. Je, si afadhali basi kuacha kusasisha kabisa kama kifaa kinafanya kazi?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Dada, kwa programu ya ndani nakubaliana nawe: kama hakuna tatizo, iache. Ramani ni jambo jingine. Ya kwangu ya zamani haikulijua lile daraja la juu la Kondele. Uko juu, yenyewe inakwambia ugeuke kulia.

Ninachofanya sasa, kabla ya kubonyeza kitufe cha sasisho nanakili kila kilichomo ndani ya kifaa hadi kwenye folda ya kompyuta. Kwa wenye Garmin, vifaa vingi huweka maeneo uliyohifadhi kwenye faili liitwalo Current.gpx, ndani ya folda ya GPX. Hilo moja tu likiwa salama, dereva wetu wa Bungoma asingekuwa na haja ya kuingiza ghala upya.

Fundi, swali: hiyo betri ya pili ya pembeni aliyosema dada, inafaa pia wakati wa kusasisha redio ya Android?

Fundi wa redio za magari, Kisumu

Inafaa, na kwa gari lenye betri iliyochoka ndiyo njia ninayoitumia. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, taa na feni zikiwa zimezimwa. Hakikisha klipu zimeshika vizuri kabla hujaanza, maana klipu ikichomoka katikati umerudi pale pale.