Maharage yakikosekana au yakigoma kuiva unaweka nini badala yake? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu, na akina mama na akina baba wa jikoni wote humu. Nimeona niufungue uzi huu maana hili swali linaulizwa kila siku vipande vipande, mtu anauliza nimekosa maharage mekundu niweke nini, anajibiwa weka hata choroko, basi imeisha. Mimi hilo jibu silikubali. Kabla hujayaondoa maharage kwenye sufuria ujue kwanza yalikuwa yanafanya kazi gani mle ndani, yalikuwa yanaleta rojo, au yalitakiwa yabaki mazima mazima yaonekane, au kazi yake ni kubeba tui la nazi tu. Ukishajua hilo ndio unachagua.

Mimi napika chakula cha mchana nauza hapa Tabata. Maharage yangu ni yale ya njano ya Mbeya yanayoitwa soya njano, yanaiva haraka, mchuzi wake mzito wenyewe bila kuponda. Sasa kuna kipindi yanapanda bei mpaka ukiweka kwenye hesabu ya sahani unaona kabisa hapa nampikia mteja bure. Hapo ndio nikaanza kuzunguka na vingine. Kunde kwenye wali zinakubalika sana ila mchuzi wake unakuwa mweusi, kwahiyo mimi nachemsha dakika kumi hivi namwaga yale maji ya kwanza naweka mengine ya moto, unatoka msafi. Choroko nzuri kwa ugali, unaponda kidogo na mwiko unaunga kitunguu, nyanya na karoti, na haina haja ya kuloweka, dakika arobaini imeiva. Lakini choroko kwenye makande hapana jamani, inapasuka yote unajikuta una uji wenye mahindi. Makande yanataka punje inayovumilia moto mrefu pamoja na mahindi, weka kunde au mbaazi.

Haya karibuni, kila mtu aseme yeye alifanyaje, na mseme mko wapi maana majina ya maharage yanabadilika kila mkoa.

BintiKorogwe
Asante mleta mada. Sisi Wasambaa makande ndio chakula chetu usituambie kitu haha. Kwetu bibi alikuwa anaweka njugu mawe maharage yakiisha ghalani, na mpaka leo mimi napenda hayo kuliko ya maharage. Ila njugu mawe ngumu sana, loweka usiku kucha, na utangulize njugu zenyewe ziive nusu ndio uingize mahindi yaliyokobolewa, ukiweka pamoja mahindi yanalainika njugu bado zinakuangalia. Nazi weka mwisho, tui jepesi kwanza, likikauka ndio tui zito na usifunike tena.

Kipara wa Njombe
Wakuu mimi naongelea hili la kugoma kuiva maana ndio linawafanya watu wakimbilie badala. Huku kwetu juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanaishia kama 94 au chini ya hapo, kwahiyo maharage ya Njombe yakipikwa Njombe yanachelewa, yakishuka Dar yanaiva vizuri tu, mtu anasema ameuziwa mbegu tofauti kumbe ni mwinuko. Dawa yake huku ni presha kuka. Maharage yaliyolowekwa dakika ishirini mpaka ishirini na tano tangu filimbi ianze, basi. Usijaze zaidi ya nusu, yale mapovu yanaziba tundu la mvuke na hiyo ni hatari.

Lingine ni umri wa maharage. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hayaivi hata uyachemshe siku nzima, yanakunywa maji lakini ndani hayalainiki. Kwa rosekoko ni rahisi kujua, mapya rangi ya chini ni nyeupe kama krimu, yakizeeka yanageuka kahawia. Mimi sokoni nikiona yamefifia na ganda limekunjamana sinunui hata yashuke bei kiasi gani, maana utayalipia kwenye mkaa.

MamaShamim
Kipara umesema kweli tupu. Naongezea hapo, nyanya na ndimu msiweke mpaka maharage yalainike kabisa!! Uchachu unazuia yasiive. Nimemfundisha dada wa kazi nimechoka, anatumbukiza vyote kwa pamoja halafu gesi inaisha. Ukwaju pia hivyo hivyo.

mpishi_wa_bweni
Nawasalimu wote. Mimi kazi yangu ni kupikia wanafunzi na naomba hili mlisome kwa makini maana watu wanaona maharage ni chakula cha kawaida hakina madhara. Maharage hasa yale mekundu makubwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili, inaitwa lektini, inavunjwa na moto wa kuchemka tu. Inatakiwa uloweke saa 5 au zaidi, maji yale umwage, uweke maji mapya, yatokote kweli kweli. Dakika 10 za kutokota zinatosha kuiua, ila wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wanashauri dakika 30 ili uwe na uhakika, na mimi nafuata hiyo 30 hasa kwenye sufuria kubwa ambapo juu panatokota na chini bado.

Shule moja niliyowahi kufanya kazi kuni zilikuwa shida, jikoni wakawa wanachochea moto mara moja wanaacha maharage usiku kwenye makaa yajiive taratibu. Watoto wakala mchana, ndani ya saa mbili wanatapika na kuharisha bweni zima. Watu walianza kuongea mambo ya kulogwa, wengine wakasema maji ya kisima. Yalikuwa ni maharage. Moto mdogo usiofika kuchemka hauondoi ile sumu, na joto la kama nyuzi 80 hivi linaweza hata kuiongeza kuliko yangekuwa mabichi. Kwahiyo wenye yale majungu ya umeme ya kupika taratibu saa nane, maharage mekundu chemsheni kwanza kwenye sufuria ya kawaida ndio mhamishie humo. Na mtu asionje punje mbichi kupima kama imelainika, punje nne tano tu zinatosha kukuumiza tumbo.

Kama kuni hazitoshi, bora siku hiyo wapikie choroko. Zinaiva haraka na hiyo sumu kwao ni kidogo mno ukilinganisha na maharage mekundu.

Mleta mada
Mpishi asante sana sana, hili naomba kila mtu ampelekee mwenzake. Na mimi nilikuwa najiuliza kuhusu ya kopo?

mpishi_wa_bweni
Ya kopo hayana shida, yameshapikwa kiwandani kwa joto kubwa. Fungua, mwaga yale maji yake mazito, suuza, chumvi inapungua, unga tu. Kopo la gramu 400 ukichuja unapata kama kikombe kimoja na nusu, ni sawa na nusu kikombe cha makavu ukiyapika.

Wanjiku_Nakuru
Mimi ni jirani yenu kutoka Kenya, naomba kuchangia. Huku githeri yetu (ndio makande yenu) tunapenda Nyayo ama Wairimu, zile nyekundu, lakini kwa nyumba yangu mimi huweka njahi. Njahi ni nyeusi iko na mstari mweupe kwa ubavu, na kwetu mama akijifungua lazima apikiwe hizo. Usiponde, wacha ziwe nzima, weka ndizi mbivu moja ama karoti ya kugrate ndio ile ladha yake kali itulie kidogo. Kwa chapati ziko sawa kabisa. Kitu moja tu, loweka na umwage maji, usipomwaga mchuzi unakuwa mchungu na mweusi tititi. Dhania mwisho.

Mbarouk wa Muscat
Assalaam aleikum. Sisi tulio huku Oman watu wa asili ya Zanzibar maharagwe ya nazi hatujayaacha, na mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ya Ijumaa ndio usiseme. Mbaazi hapa nanunua duka la Wahindi, wao wanaziita toor, mara nyingi zimeshapasuliwa na kutolewa ganda. Zilizopasuliwa zinafaa mchuzi wa kuponda, lakini kwa mbaazi za nazi tafuta nzima. Maharagwe mekundu kwao ni rajma, na kunde ni lobia.

Sasa nataka kuwatahadharisha kwa jambo moja. Mtu akifika huku akakosa maharagwe anaona ful imejaa kila duka, bei nafuu, anasema si ni yale yale. Si yale yale. Ful ni baqila (kwa Kiingereza fava au broad beans), mmea mwengine kabisa. Mwanangu wa kiume ana upungufu wa kile kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na huku Oman watu wenye hali hiyo ni wengi, na kwetu Afrika Mashariki pia wamo wengi ila hawajapimwa. Mtu wa hali hiyo akila ful chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, anageuka manjano, mkojo unakuwa kama rangi ya chai, na ni mbio hospitali. Daktari alitwambia ful asiiguse maisha yake yote, hata unga wake, na maharagwe ya kawaida, mbaazi na kunde aendelee kula. Kwa hivyo kama hujui hali ya mtoto wako, usibadilishe maharagwe kwa ful ovyo.

MamaShamim
Mbarouk Mungu amlinde kijana. Hii sikuwahi kuisikia kabisa, nimemtumia dada yangu yuko Sohar.

Furaha wa Bukavu
Jambo ba ndugu. Kwetu Bukavu maharagi ni chakula ya kila siku, minapikaka na mafuta ya mawese na kitunguu, tunakula na bugali ao na ndizi. Kama maharagi iko bei sana sokoni minachanganyaka nusu maharagi nusu ndizi mbichi ao viazi, watoto wanashiba na ile ladha ya maharagi inabakia. Sitoe maharagi yote, napunguza tu.

Mleta mada
Furaha hii ya kuchanganya ndio nimeipenda mno. Hata mimi wiki hii nataka kujaribu maharage nusu na kunde nusu, ila nadhani lazima zichemshwe mbalimbali maana kunde zitatangulia kuiva.

BintiKorogwe
Ndiyo mbalimbali, uzikutanishe kwenye kuunga.

mzee_wa_Nachingwea
Vijana nawasoma. Kwetu kusini hamtuambii mbaazi ni badala ya maharage, kwetu maharage ndio badala ya mbaazi. Zamani tulikuwa tunauza zote kwa walanguzi zinaenda India. Mwaka 2017 India wakaweka kikomo cha mbaazi za kuagiza kutoka nje, bei ikaporomoka, watu wamekaa na magunia ndani. Mwaka ule nyumbani kwangu tumekula mbaazi za kila aina. Mbichi zinachemshwa na maganda yake unakaa unamenya unakula kama karanga, kavu zinapikwa na nazi, na mama watoto akawa anasaga anafanya kama bajia. Hiyo ya bajia nawashauri sana wenye biashara ndogo. Loweka, toa ganda, saga na kitunguu saumu, pilipili na giligilani, kaanga. Dengu haifikii.

Salum_Minnesota
Shikamoo mzee wa Nachingwea. Mimi niko Marekani, soya njano sijawahi kuiona supamaketi za hapa ninapokaa. Pinto inakaribia kwa mchuzi, ni laini ina rojo, ukiponda robo yake na mwiko ukaunga na nazi ya kopo mgeni wa Kitanzania hashtuki. Kama unatamani rosekoko tafuta borlotti, zina yale madoa madoa, ila zikipikwa madoa yanapotea kama ya nyumbani tu. Yale mekundu makubwa ya huku ganda lake nene, ukiyaunga na nazi tui halipenyi, mimi nayaacha kwa saladi.

Neema_K
Naomba kuuliza, magadi mnaweka au hamuweki? Mama mkwe anaweka kijiko kizima na mimi tumbo linanisumbua.

Kipara wa Njombe
Magadi yanalainisha kweli, ganda linaachia haraka, lakini kijiko kizima ni kingi dada, chakula kinakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Kama lazima weka chembe ya kushika kwa vidole viwili kwenye maji ya kuloweka halafu uyamwage. Na gesi ya tumbo inapungua kwa kuloweka na kumwaga maji. Mweleze mama mkwe kwa adabu tu, au jitolee wewe kuyaloweka usiku, asubuhi atakuta yameshalainika.

Neema_K
Nitaloweka mimi. Na kwa mtu ambaye tumbo halitaki maharage kabisa?

Mleta mada
Anza na choroko zilizokobolewa ganda, kidogo kidogo, mchuzi mwepesi, tangawizi ndani. Ndio nilikuwa nampikia baba yangu alipotoka kulazwa na alikuwa anamaliza bakuli. Akizoea ndio umpe mbaazi. Kesho nikipika ule mchanganyiko wa kunde nitaweka hapa vipimo vyangu, na wenye kujua fiwi za Mtwara (nazo ni jamii ya maharage) zinapikwaje nawasubiri.