Kikompyuta cha dukani kinanitesa: nianze na RAM au SSD?

MamaSteshenari_Uyole

Habari zenu wakuu. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa huku kwetu.

Nina steshenari ndogo hapa Uyole, upande wa njia ya kushukia Tukuyu. Kazi zangu ni zilezile: kopi, barua, picha za pasipoti, mitihani ya shule za jirani, na msimu wa mikopo ukifika nawajazia vijana maombi. Mwaka jana nilinunua kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 3050 Micro. Kwa asiyeijua, ni kiboksi kidogo ambacho nakitia kwenye kikapu pamoja na nyanya nikifunga duka jioni, maana mlango wa fremu yangu siuamini. Nilikipenda kwa sababu meza ni nyembamba na printa imeshakula nusu yake.

Sasa kinanitesa. Asubuhi nakiwasha, nabandika maji ya chai, yanachemka, nakunywa, naosha kikombe, ndipo kinakubali kufungua Word. Nikiwa na kurasa nne za Chrome na mteja akataka picha, kila kitu kinaganda. Juzi kijana wa watu alikuwa anamalizia fomu, kikaganda, ukurasa ukarudi mwanzo. Alinitazama tu, hakusema kitu. Ningeona afadhali angenitukana.

Ndani kuna RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) GB 4, hadi diski GB 500, prosesa i5-6500T. Nikaenda Mwanjelwa kwenye duka moja, nikasema nataka RAM ya aina ya DDR4, ya kompyuta ya mezani, GB 8. Nikapewa, nikalipa, nikarudi nayo. Nafungua kiboksi, ile RAM ni ndefu kuliko nafasi yenyewe! Kuirudisha, naambiwa "mama, si ulisema ya mezani?" Na kweli nilisema. Hela haikurudi.

Nimebaki na laki mbili na nusu. Nianze na RAM au na SSD, ile diski ya kasi isiyo na mota? Kuna mtu ananiambia niweke GB 32 nimalize kazi. Na tafadhali, asije mtu kuniambia ninunue laptop. Hiyo nimeshaisikia.

---

Dogo_Iyunga

Shikamoo mama. SSD kwanza, hakuna mjadala. Mimi nipo chuo hapa, mashine yangu ya hadi diski ilikuwa inawaka dakika nne, nikaweka SSD inawaka kabla sijavuta kiti. Chukua NVMe, ile SSD ya kasi zaidi, ya TB 1 usahau.

---

Kipengere_Baridi

Dogo, TB 1 na laki mbili na nusu vinakutana wapi? Mama RAM kwanza. GB 4 na Chrome ni kama kupika ugali wa watu kumi kwenye kikaango.

---

BisibisiMlandege

Kamwene mama. Nipo Iringa, hizi mashine ndogo ndiyo mkate wangu, nazifungua kila wiki.

Nianze na ile RAM iliyokataa. Hukudanganywa, ila hukuulizwa swali ambalo fundi angekuuliza. Viboksi hivi ni kompyuta ya mezani kwa jina, ndani vimetengenezwa kwa vipuri vya laptop. RAM yake ni ile fupi inayoitwa SO-DIMM, miguu 260. Ile ndefu ya kompyuta kubwa ina miguu 288. Zote ni DDR4, zote zinafanya kazi moja, lakini haziingiliani hata ulazimishe. Kwa hiyo ukienda dukani sema "RAM ya laptop, DDR4". Hata hapo kuwa macho, laptop za nyuma kidogo zina DDR3, ya miguu 204, ni fupi vilevile na pengo lake liko mahali pengine. Njia salama ni kuchomoa hiyo yako ya GB 4, kuifunga kwenye karatasi na kwenda nayo. Muuzaji ailinganishe kwa macho.

GB 32 ndiyo mwisho wa mashine hiyo, 16 kwa 16. Itakubali, lakini kwa kazi zako ni kununua lori la kubebea kikapu. Na bei ya RAM imepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili mnemba, nasi wa mtumba tunalipia.

Kabla hatujabishana kipi kianze, nifanyie hivi. Siku ya kazi, kiboksi kikiwa kimeganda kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ingia sehemu ya utendaji (Performance), uangalie vitu viwili: RAM imetumika kiasi gani na diski iko asilimia ngapi. Palepale kwenye RAM patakuambia pia nafasi ngapi zimetumika kati ya mbili. Halafu pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure, uniambie hadi diski yako ina rangi gani.

---

MamaSteshenari_Uyole

Asante kaka wa Mlandege. Nimefanya leo saa nne, wateja watatu wamesimama.

RAM: 3.6 kati ya 3.9. Kwani ile 0.1 ya kufika 4 imekwenda wapi? Diski: asilimia 100, haishuki, hata nikiacha kugusa. Nafasi: 1 kati ya 2. CrystalDiskInfo inaonyesha njano, na mstari mmoja una maneno ya sekta zilizohamishwa. Hiyo njano ni mbaya?

---

BisibisiMlandege

Hiyo 0.1 haijaibiwa, picha ya kwenye kioo nayo inakula humohumo kwenye RAM kwa sababu mashine haina kadi ya picha ya peke yake.

Sasa tazama namba zako mbili kwa pamoja. RAM imejaa, na Windows ikikosa nafasi haikai kimya, inachukua vitu visivyotumika kwa sasa na kuvimwaga kwenye diski, ukivihitaji inakwenda kuviokota. Diski yako inazunguka kwa mota, sindano inahama huku na huku, na kila safari ni kuchelewa. Ndiyo maana inasoma 100 hata hujagusa kitu, iko mbioni kubeba mzigo wa RAM. Kwa hiyo Dogo na Kipengere wote wameona kweli, kila mmoja upande wake. Ukiweka SSD peke yake, mashine itawaka haraka lakini RAM itaendelea kufurika, ila itafurikia mahali penye kasi. Ukiweka RAM peke yake, mafuriko yatapungua, lakini asubuhi utaendelea kuchemsha chai.

Njano sasa. Mama, hapo ndipo mpango wangu ulipobadilika. Nilitaka kukuambia hiyo hadi diski uiache kwenye nafasi yake iwe ghala la picha. Sekta zilizohamishwa maana yake diski imekuta sehemu zake zimeharibika ikahamisha kazi kwenye sehemu za akiba. Inaweza kudumu mwaka, inaweza kuaga Jumatatu. Kabla hujashika bisibisi, kopi mitihani, picha na madaftari yako ya hesabu kwenye flashi. Leo, si kesho.

Halafu:

RAM, nunua kipande kimoja cha GB 8, cha laptop, DDR4. Usitupe ile 4, ziache pamoja, utapata 12. Prosesa yako inaendesha RAM kwa mwendo wa 2133. Ukipewa ya 2400 au 2666 chukua, itashuka yenyewe ifuate mwendo wa mashine. GB 4 na 8 zikikaa pamoja, nane zinafanya kazi kwa jozi na nne zilizobaki peke yake. Hakuna ubaya.

SSD, ndani kuna nafasi ya M.2, ile inayolala kwenye ubao kama pipi ya jojo. Chukua NVMe ya GB 256. Lakini soma vizuri, zipo M.2 za SATA, njia ya zamani yenye kasi ndogo, zinazofanana nayo kwa macho. Hizo mara nyingi zina mapengo mawili kwenye miguu, NVMe nyingi zina moja. 3050 yako inakubali aina zote mbili, kwa hiyo hutapata hasara ya kukataliwa, ila usilipe bei ya NVMe ukapewa SATA. Kwa kasi, SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe nzuri inafika 3,000 na zaidi. Kwa Word na Chrome hutaona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Tofauti utakayoiona ni ya kutoka kwenye hadi diski yako, ambayo ikijitahidi sana inatoa kama 100.

Jambo ambalo halisemwi dukani: skrubu. M.2 inashikwa na skrubu moja ndogo kama punje ya ulezi, na kwenye mitumba mara nyingi imepotea. Fungua uangalie kabla ya safari ya Mwanjelwa. Kama haipo, iombe kwa huyohuyo anayekuuzia SSD.

---

Kipengere_Baridi

Mimi naongezea la kwetu Makambako. Kipindi hiki cha baridi watu tumevaa masweta ya sufu, na hewa kavu. Ukilivua gizani unaona cheche. Cheche hiyo ikienda kwenye RAM, imekwisha. Vua sweta kwanza, kisha shika chuma cha boksi kabla ya kugusa ubao. Na chomoa waya wa umeme, usizime tu.

Nyingine: chaja. Hizo Dell zinaitambua chaja yake kupitia sindano ya katikati. Ukiwa na chaja ya kuungaunga isiyotambulika, mashine inajipunguza mwendo. Mtu anaweza kununua RAM na SSD, bado ikawa konokono.

---

Dogo_Iyunga

Basi nimeshindwa kwa pointi. Ila SSD zinaghushiwa, mama, hasa zile za bei ya huruma. Inaandikwa GB 512 kumbe ndani ni 64. Ukifika nayo iendeshee programu ya H2testw kabla hujaweka kitu, inaijaza mpaka ukingoni halafu inasoma kama ilichoandika bado kipo. Inachukua muda, lakini inasema kweli. Na Windows 10 mwisho wake wa masasisho ya kawaida ulikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni ya sita.

---

MamaSteshenari_Uyole

Sasa hiyo ya Windows unanitisha. Nitupe?

---

BisibisiMlandege

Usitupe. Kwa sasa jiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza, Microsoft wameyaweka kwa watumiaji wa kawaida mpaka Oktoba 2026. Yakiisha tutaongea habari za Linux Mint, mfumo wa bure wa kuwekwa badala ya Windows, printa yako nitakuuliza ni ipi kwanza. Ila hiyo ndiyo sababu nakukataza GB 32. Mashine hii usiinunulie sanda ya hariri.

Windows usiihamishe kutoka kwenye diski ya njano, weka upya. Leseni imejiandikisha kwenye ubao, ukipata intaneti itajitambua yenyewe. F12 wakati wa kuwasha ndiyo inakuletea orodha ya kuchagua flashi. Kama SSD haionekani wakati wa kusakinisha, ingia kwa F2, tafuta sehemu ya SATA, itoe kwenye RAID uiweke AHCI, hizo ni namna mbili za mashine kuzisoma diski.

---

MamaSteshenari_Uyole

Wakuu, narudi na majibu.

Nilikwenda Jumamosi na RAM yangu ya zamani kwenye pochi. Safari hii duka lingine, kijana aliitoa yake akaziweka sambamba kwenye kaunta, akasema "mama umekuja kama fundi". Nimepata GB 8 ya mtumba na NVMe GB 256 mpya, nikabakiwa na nauli na elfu ishirini na tano ambayo imekuwa flashi.

Skrubu haikuwepo! Kaka wa Mlandege, ningekuwa sijasoma ningelia. Nikaomba, akanipekulia kwenye kopo la vipande vya laptop zilizokufa, ikapatikana.

Jumapili baada ya ibada nikavua sweta kama nilivyoagizwa, mume wangu ananishangaa. Skrubu ya nyuma moja, kava likatoka. Kile kibebeo cha hadi diski kina vishikio vya bluu, nikavibonyeza kikanyanyuka, RAM iko chini yake. Ilikataa mara ya kwanza, nikaogopa kuisukuma. Kumbe inaingizwa imeinama, kisha unailaza mpaka vishikio vya pembeni vilie tiki. Kuweka Windows kulinichukua mchana mzima kwa sababu umeme ulikatika katikati nikaanza upya. H2testw ilipita bila kosa.

Leo asubuhi nimewasha, nikageuka kubandika maji, nimegeuka tena iko tayari. Kurasa tisa za Chrome na picha za pasipoti juu yake, RAM imesoma 6.8 kati ya 11.9. Hadi diski ya njano nimeitoa kabisa, iko juu ya kabati. Yule kijana wa fomu alipita, nikamwita nikamjazia upya bure, tumemaliza kabla soda yake haijaisha.

Ndaga fijo nyote. Na ile RAM ndefu ya Mwanjelwa bado ninayo, DDR4 GB 8, haijawahi kuwashwa, imelala kwenye droo ya risiti. Mwenye kompyuta kubwa kuanzia hapa mpaka Igawilo aje tuelewane, hata kwa rimu za karatasi nachukua.