Jamaa anadai California ni ya babu zake. Kweli?

Mpishi_LA: Wakuu, jamaa ninayepika naye hapa Los Angeles kachora tatuu ya Jiwe la Jua, mchongo wa Waazteki wa kale wa Mexico, bega zima. Anasema hapa ndipo Aztlán, nchi ya asili ya Waazteki katika hadithi zao, na Marekani iliipora toka Mexico 1848. Lakini bibi yake ni wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, anaongea Kizapoteki, si lugha ya Waazteki! Dai lina mashiko?

Kobe Mzee: Kuporwa ni kweli, tena kwa vita. Ila Mexico yenyewe iliishika tangu 1821 tu. Hapo ulipo ni kwa Watongva, wenyeji wa asili.

Binti Saidi: Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, waliifanya Aztlán bendera yao Denver, 1969. Ni siasa ya kudai haki, si hati ya kiwanja. Halafu Wazapoteki walitozwa kodi na hao hao Waazteki.

Mpishi_LA: Duh! Hiyo ya kodi nitamwambia akishaweka kisu chini.