Gumzo la ukoo: kadi ya kampuni au Mfuko wa wote?

Zuwena, 20:06
Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa. Karatasi ya wakala wa bima ya afya ya kampuni nimeituma hapo juu. Kichwa kimoja 450,000 kwa mwaka, kulazwa mwisho milioni 10, kutibiwa na kurudi nyumbani mwisho milioni 1. Nusu ya kikundi inasema tununue, nusu inasema tungoje Mfuko wa Serikali. Naomba hoja, siasa tuziache kwenye baraza.

Ali wa bima, 20:09
Waaleikum salaam. Ukurasa wa kwanza ni wa kuuzia, fungua wa nne, "yasiyolipiwa". Kusubiri siku 30 kwa maradhi ya kawaida, uzazi miezi 10, na maradhi aliyokuja nayo mtu mwaka mzima. Mwenye sukari anayesajiliwa leo atalipa 450,000 na sukari yake haitagharamiwa mpaka mwakani. Halafu tazama umri: mwisho wa kujiunga miaka 65. Wazee wetu wanne humu hawamo, hata mkichangisha vipi.

Shangazi Mwana, 20:11
Yaani wenye kuhitaji ndio waliotolewa nje.

Ali wa bima, 20:12
Ndiyo biashara yenyewe, Shangazi. Kampuni haina ubaya wa moyo, ina hesabu.

Ami Salum, 20:19
Hesabu niiweke wazi, maana humu watu wanasema "bima" kama kwamba ni benki. Chukua watu 100. Kila mwaka 10 wanaumwa, kila mmoja anagharimu 500,000. Jumla milioni 5, kila kichwa 50,000. Sasa ruhusu kila mtu ajiamulie. Vijana 50 wazima watasema mie siumwi, watatoka. Milioni 5 ile ile kwa watu 50 ni 100,000 kila mmoja. Kwa bei hiyo 25 wengine watatoka, ikawa 200,000. Mwisho wanabaki wagonjwa peke yao wanaulizana kwa nini bei imepanda. Kampuni inajikinga kwa kuchagua nani aingie. Mfuko wa umma unajikinga kwa kumlazimisha kila mtu. Nje ya hizo mbili kuna kodi tu.

Ami Salum, 20:21
Na si nadharia. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa Bara, imeanza 2001, asilimia 6 ya mshahara, 3 ya mfanyakazi na 3 ya mwajiri, na mtumishi wa Serikali haulizwi kama anataka. Hapo ilisimama imara. Ikaja kadi ya mtoto ya hiari, 50,400 kwa mwaka, wazazi wakawa wanaandikisha mtoto akishaumwa. 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wakatakiwa waandikishwe kwa skuli, darasa zima, wazima na wagonjwa.

Zuwena, 20:23
Lakini Ami, hiyo NHIF si yetu.

Ami Salum, 20:25
Si yetu, afya si jambo la Muungano. Yetu ni Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, sheria ya 2023, na ulianza na watumishi wa umma. Kabla yake tulikuwa na matibabu bure tangu Mapinduzi ya 1964, yanayolipwa na bajeti.

Shangazi Mwana, 20:31
"Bure" hiyo tuiangalie vizuri. Kumuona daktari bure, kitanda bure, kisha unapewa kikaratasi ukanunue dawa duka la nje. Bajeti huja kwa robo mwaka, wagonjwa huja kila siku. Dripu zikiisha mwezi wa pili wa robo, mwezi wa tatu ni mfuko wa mgonjwa mwenyewe. Ubora wa mfuko wa bima, ukiendeshwa vizuri, ni kuwa pesa inamfuata mgonjwa. Hospitali ikimtibu inadai, ikilipwa inanunua dawa. Ukiendeshwa vibaya unapata kadi nzuri na rafu tupu.

Shangazi Mwana, 20:34
Na madai yana mambo yake. Hukataliwa kwa vitu vidogo: fomu haina saini ya mgonjwa, tarehe ya kadi imepita, dawa hailingani na maradhi yaliyoandikwa, kipimo kikubwa kimefanywa bila kibali cha mwanzo. Mgonjwa kesharudi nyumbani, hospitali haijalipwa. Ikirundika miezi sita, hospitali inaanza kuwatazama wenye kadi kwa jicho jengine. Machi 2024 hospitali binafsi huko Bara zilikataa kadi za NHIF kwa ugomvi wa kitita kipya cha bei. Watu wana kadi mkononi na mlango umefungwa.

Ali wa bima, 20:36
Ndiyo maana watu wananunua ya kampuni. Inalipa haraka kuliko Mfuko.

Shangazi Mwana, 20:40
Inalipa haraka mpaka kikomo. Mgonjwa wa figo anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, mara 156 kwa mwaka. Tuseme kila mara ni 150,000, hiyo ni milioni 23 na laki 4. Karatasi ya Zuwena kikomo chake milioni 10. Inalipia mara 66, yaani wiki 22. Ramadhani kwa Mfunguo Tatu bado mna bima, Mfunguo Sita mnachangishana humu.

Ali wa bima, 20:41
Hapo sina la kusema 🙏🏽

Mjomba Kombo, 20:44
Na uhalali wake? Kwa sharia ya dini, bima hizi za kampuni masheikh wanazisema.

Ami Salum, 20:47
Takafuli ipo, Mjomba, bima ya Kiislamu. Mchango unaingia mfuko wa tabarru, yaani wa kujitolea kusaidiana, ambao si mali ya wenye hisa, kampuni inachukua ujira wa uwakala, kinachobaki mwisho wa mwaka ni cha wachangiaji. Gharar, yaani kuuziana kisichojulikana, na riba zinatatuliwa. Ila hesabu ya watu 100 haitatuliwi, wazima wakitoka tabarru nayo inakauka.

Zuwena, 20:49
Nchi kubwa wao wamefanyaje?

Ami Salum, 20:54
Kila mtu na lake. Uingereza tangu Julai 1948 wanatumia kodi. Kumuona daktari hulipi, England dawa moja ya kuandikiwa ni pauni 9.90, na lengo lao la kuanza matibabu ndani ya wiki 18 za rufaa limewashinda miaka mingi. Bei yao ni foleni. Marekani waliachia kampuni, wakatoa wazee wa miaka 65 kwenda juu wawe kwa Serikali kwa sheria ya 1965, kisha sheria ya 2010 ikaja kuzuia kampuni kumkataa mgonjwa, na kuzilazimisha zitumie angalau 80 ya kila 100 za michango kwenye matibabu. Angalia: hata huko soko halikuachiwa peke yake. Kenya Oktoba 2024 wamehamia asilimia 2.75 ya kipato, chini kabisa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi.

Mjomba Kombo, 20:57
Asilimia 2.75 ya kipato gani? Mvuvi kipato chake nani anakijua, hata mkewe hakijui.

Ami Salum, 21:03
Hilo ndilo swali la Pemba hasa, na mie nilikuwa na jawabu: karafuu. Halali yote inapita mizani ya ZSTC, shirika la biashara la Serikali. Kata mchango pale pale kwenye malipo ya msimu, mara moja, mkulima awe na kadi ya mwaka mzima. Kumdai kila mwezi mtu anayepata pesa mara moja kwa msimu ni kumtoa nje kwa makusudi.

Mjomba Kombo, 21:08
Salum, wewe mhasibu, mie nakaa na mikarafuu. Kwanza, kata mchango kwenye mizani na nusu ya karafuu itapita usiku kwenda Shimoni, Kenya. Magendo hayahitaji sababu, wewe unayapa sababu. Pili, mizani inamjua mwenye shamba. Mchumaji analipwa kwa pishi, mkononi, hana jina popote, na ndiye anayeanguka juu ya mti! Tatu, mwaka mdogo ukija hakuna karafuu. Kadi ya mwaka huo italipwa na nini?

Ami Salum, 21:12
Mwaka mkubwa ukatwe wa miaka miwili. Mchumaji umenishika, Mjomba. Huyo na mama wa mwani labda kodi tu, Serikali iwalipie.

Shangazi Mwana, 21:14
Basi tumerudi 1964, ila safari hii na orodha ya majina. Mie naikubali. Orodha ni kitu kikubwa.

Zuwena, 21:16
Na ile bima ya dola 44 ya watalii? Haiwezi kusaidia?

Ali wa bima, 21:18
Ile ya tangu Oktoba 2024 ni ya mgeni, inamtibu yeye kwa siku zake. Haina uhusiano na sisi.

Ali wa bima, 21:22
Kwa karatasi hii, Zuwena: waliomo kwenye Mfuko kwa ajira wasilipe mara mbili. Vijana wa kujiajiri, kama mnataka, chukueni ya kulazwa peke yake, huwa nafuu sana. Ile milioni 1 ya kutibiwa na kurudi wekeni wenyewe kwenye kikoba cha ukoo, na wazee watibiwe kwa kikoba hicho. Kabla ya kutia saini mtake wakala orodha ya hospitali kwa maandishi, na nauli ya boti au ndege ya rufaa nani anailipa.

Zuwena, 21:25
Orodha kanitumia sasa hivi. Hospitali 11. Kumi Dar, moja Mjini Unguja. Pemba hamna.

Mjomba Kombo, 21:26
Mrejeshee karatasi yake 😂